Benedicto Kiwanuka, Mtu wa Kweli na Haki

Kila unapokaribia wakati wa uchaguzi tunasikia maneno yale yale vijijini kwetu. Mmoja husema, "Siasa ni kazi ya waongo." Wa pili husema, "Mkristu mwema akae mbali na mambo hayo, asije akachafuka." Na wa tatu, ambaye ametia nia ya kugombea, husema moyoni mwake, "Nikishinda nitakula, nikishindwa nitahamia kwa walioshinda." Watu hawa watatu tunawaomba wakae kidogo kivulini, watusikilize. Tunataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa nchi jirani ya Uganda, ambaye maisha yake yanawajibu wote watatu.

Jina lake ni Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Kiongozi wa Bunge, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, akashindwa katika uchaguzi, akawekwa kizuizini, akawa Jaji Mkuu, na mwaka 1972 akachukuliwa na watu wenye silaha, asionekane tena. Vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Wanalijua jina la Idi Amin, kwa maana mabaya yana kelele kuliko mema. Basi leo tuwape mema nafasi yao.

MTOTO WA MASAKA

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kisabwa, upande wa Masaka, katika ufalme wa Buganda. Masaka ni nchi ya migomba na kahawa, magharibi ya Ziwa Viktoria, wala si mbali na mpaka wa Bukoba. Dini Katoliki imetia mizizi mirefu huko. Mwaka 1939 Masaka ilipewa Askofu Mwafrika, Joseph Kiwanuka, aliyekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa uaskofu katika Kanisa letu katika nyakati hizi. Usiwachanganye wawili hao, msomaji. Jina Kiwanuka ni la Waganda wengi. Mmoja alikuwa Askofu, na mwingine, yule tunayemsimulia, alikuwa wakati ule kijana wa miaka 17, mwana wa watu wa kawaida, si wa ukoo wa kifalme. Neno hilo la kutokuwa wa ukoo wa kifalme ulishike vizuri, maana litarudi.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inawaka, alijiunga na jeshi la K.A.R., ambalo wazee wetu waliliita Keya. Lugha ya askari wa jeshi hilo ilikuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili Mganda, Mkamba, Mnyamwezi na Mnyasa walielewana wote. Kiwanuka alitumika Kenya, Misri na Palestina, akapanda mpaka cheo cha Sajini-Meja. Mwaka 1946 akarudi nyumbani.

Kisha alipata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu. Hebu fikiri kazi hiyo. Jaji anasema Kiingereza, mshitakiwa anasema lugha ya mama yake, na mkalimani amesimama katikati yao. Kila neno la haki na kila neno la uongo hupita kinywani mwake, wala hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Nani angedhani wakati ule kwamba siku moja mkalimani huyo angekaa katika kiti cha Jaji Mkuu?

Hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Alikuwa mtu mzima mwenye mke alipofunga safari mwaka 1950 kwenda Basutoland, nchi ambayo leo yaitwa Lesotho, kusoma katika Chuo cha Pius XII kilichojengwa na Kanisa mahali paitwapo Roma. Wengi wetu tukifika umri wa miaka 28 twasema, "Shule ni ya watoto." Yeye alikaa dawatini pamoja na vijana. Mwaka 1952 akaendelea mpaka London kusoma sheria, na mwaka 1956 akarudi Uganda akiwa wakili kamili.

CHAMA NA JINA LA KEJELI

Ili kuelewa siasa aliyoikuta, yafaa tukumbuke historia kidogo. Katika Buganda, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana vita mwaka 1892, na tangu siku zile vyeo vikubwa vya nchi viligawanywa kwa kutazama dini. Wakatoliki walikuwa wengi, lakini cheo cha Katikiro, yaani Waziri Mkuu wa Kabaka, kilikaa mikononi mwa Waprotestanti. Mwaka 1955 Bwana Matayo Mugwanya, Mkatoliki, aligombea cheo hicho akashindwa kwa kura chache sana. Watu wengi walisikia uchungu.

Uchungu wa namna hiyo ndio uliokitia nguvu chama cha Democratic Party, kwa kifupi D.P., kilichoanzishwa mwaka 1954. Neno lake kuu lilikuwa "Kweli na Haki". Baada ya Bwana Mugwanya, mwaka 1958 Kiwanuka alichaguliwa kuwa Rais wa chama hicho. Aliacha kazi ya uwakili iliyokuwa ikimpatia riziki, akazunguka nchi nzima, toka Buganda mpaka kaskazini na magharibi.

Maadui wa chama walikitungia kejeli. Walisema D.P. maana yake ni "Dini ya Papa". Nao wafuasi wa D.P. hawakunyamaza. Chama cha U.P.C. cha Bwana Milton Obote walikiita "Umoja wa Waprotestanti wa Canterbury". Unaweza kucheka, msomaji, lakini kicheko hicho kiliigharimu Uganda. Mahali ambapo mtu humpa mwenzake kura kwa kutazama kanisa analosali, hakuna anayeuliza tena kama mgombea ni mwizi au ni mwaminifu. Kiwanuka aliliona jambo hilo. Alisema na kurudia kwamba chama chake ni cha Waganda na wasio Waganda, cha Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na kweli walikuwamo ndani yake watu wa dini nyingine. Hata hivyo jina la kejeli halikubanduka. Tujifunze hapo kwamba chama kikizaliwa katika uchungu wa watu wa dini moja, hutumia miaka mingi kuwaonyesha wengine kwamba kinawapenda nao pia.

KIONGOZI WA BUNGE

Mwezi wa Machi 1961 ulifanyika uchaguzi mkubwa wa Baraza la Kutunga Sheria. Kabaka na Serikali yake ya Mengo waliwaamuru Waganda waususe, kwa sababu walitaka kwanza mambo ya ufalme yatengenezwe. Wengi wakatii. Kiwanuka hakutii. Aliona kwamba nchi inaelekea kwenye Uhuru, na wasioingia Barazani watatungiwa sheria na wengine.

Matokeo yakawa ya ajabu. D.P. ilipata viti 43 na U.P.C. viti 35. Lakini ukihesabu kura za nchi nzima, U.P.C. ilipata karibu 495,000, na D.P. karibu 416,000. Ilikuwaje? Katika Buganda watu wachache mno walijiandikisha, na hao wachache waliipa D.P. karibu viti vyote 21 vya huko. Tuseme kweli kama chama chenyewe kilivyojiita: ushindi ule ulikuwa halali kwa sheria, lakini ulisimama juu ya mguu mwembamba.

Kiwanuka akawa Kiongozi wa Bunge, kisha katika Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi. Mtoto wa Kisabwa akakaa mbele ya Gavana wa Kiingereza kama mkuu wa serikali ya wananchi.

Hapo ndipo neno la ukoo linaporudi. Katika Buganda ya siku zile watu wengi waliuliza, "Itakuwaje mtu wa kawaida amtangulie Kabaka?" Kwao haikuwa siasa, ilikuwa aibu. Kiwanuka alikuwa mtu wa msimamo mkali na ulimi usiozunguka. Wako wanaosema kwamba angekuwa mpole kidogo, akaenda Mengo akaketi, akasikiliza, huenda mambo yangekwenda vingine. Inawezekana. Heshima kwa wazee na wafalme si utumwa, na mtu mwenye kweli anaweza kuisema kweli hiyo kwa sauti ya chini. Lakini tusimwonee. Yeye alishika neno moja: kwamba mbunge achaguliwe na mwananchi mwenyewe, kwa kura yake mwenyewe, kwa siri.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Askofu Mkuu wa Rubaga, yule Joseph Kiwanuka wa Masaka, aliandika barua ya kichungaji juu ya Kanisa na Serikali. Aliwakumbusha Wakristu wajibu wao katika mambo ya nchi, akaonya kwamba mfalme akijitia katika vyama vya siasa anauhatarisha ufalme wake. Barua hiyo ilileta hasira kubwa Mengo.

MIEZI MIWILI YA WAZIRI MKUU

Katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1961, Buganda ilipewa ruhusa ya kutowaachia wananchi uchaguzi wa wabunge wake. Wangechaguliwa na Lukiko, yaani Baraza kuu la Kabaka. Kiwanuka alipinga kwa nguvu zake zote. Alijua kwamba kwa njia hiyo mlango unafungwa mbele yake. Hata hivyo ikaamuliwa hivyo.

Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipata serikali ya ndani, na Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Chama kipya cha Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake", kilikuwa kimekwisha kupata viti 65 kati ya 68 katika uchaguzi wa Lukiko, nacho kilipatana na U.P.C. Tarehe 25 Aprili nchi ikapiga kura. U.P.C. ilipata viti 37, D.P. viti 24, na vile 21 vya Buganda vikaenda vyote kwa Kabaka Yekka. Bwana Obote akawa Waziri Mkuu. Kiwanuka mwenyewe hakupata hata kiti cha kukaa Bungeni.

Tazama jambo hili kwa makini, msomaji. Mtu aliyekuwa mkuu wa serikali mwezi wa Aprili, mwezi wa Mei si mbunge hata. Hata bendera iliyotayarishwa wakati wa serikali yake, yenye kijani na buluu na sura ya korongo, iliwekwa kando. Tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya Uhuru, ilipandishwa ile nyeusi, njano na nyekundu tunayoijua sasa.

Alifanya nini? Hakutafuta askari wa kumrudishia kiti. Hakuwaambia watu wake wachome nyumba za walioshinda. Alitoka ofisini kwa miguu yake mwenyewe, akabaki Rais wa chama kisicho na serikali. Wahenga wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika Afrika yetu tumeona wengi walioshindwa na mithali hiyo fupi.

MIAKA YA KIANGAZI

Kukaa nje ya Bunge na kukiongoza chama kilichomo Bungeni ni sawa na kulima shamba ukiwa ng'ambo ya mto. Kiongozi wa upinzani ndani ya Bunge alikuwa Bwana Basil Bataringaya. Naye baada ya muda akahamia upande wa Serikali, na wabunge wengine wa D.P. wakamfuata. Huko kulikuwa na uwaziri, motokaa na mshahara. Huku kulikuwa na maneno ya "Kweli na Haki", na maneno hayalipi karo ya shule. Kiwanuka alibaki huku.

Na ule urafiki wa U.P.C. na Kabaka Yekka uliomwangusha, uliishia wapi? Mwaka 1966 Bwana Obote aliivunja katiba, na mwezi wa Mei jeshi likalishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Kamanda aliyeongoza shambulio lile alikuwa Idi Amin. Katika Desemba 1969 Bwana Obote alipigwa risasi akajeruhiwa. Serikali ikavipiga marufuku vyama vya upinzani, na Kiwanuka akawekwa kizuizini.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote, na siku chache baadaye akawafungulia wafungwa wa siasa. Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Juni mwaka huo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho.

Wengine huuliza, "Mtu wa haki alikubalije cheo mkononi mwa mtu yule?" Swali ni zuri. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 1971 watu wengi wa Buganda walimshangilia Amin, naye alirudisha mwili wa Kabaka ukazikwa kwa heshima nyumbani. Ubaya wake wote haukuwa umejulikana. Tena kiti cha Jaji si kiti cha kumtumikia Rais, ni kiti cha kuitumikia sheria. Kiwanuka alikikalia kwa nia hiyo, na jinsi alivyokikalia twaona katika yaliyofuata.

SIKU YA MWISHO

Mwaka 1972 ulikuwa mchungu Uganda. Mwezi wa Agosti Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90. Watu walikuwa wakikamatwa na askari bila hati wala shitaka. Miongoni mwao alikuwamo Mwingereza mmoja, mfanyabiashara. Mawakili wake wakaomba Mahakama Kuu itoe ile amri ya zamani ya sheria ya Kiingereza, inayomlazimisha mwenye kumshika mtu amlete mbele ya jaji na kueleza amemshika kwa sababu gani. Asipokuwa na sababu ya kisheria, mtu aachwe.

Kiwanuka aliisikiliza kesi hiyo mwenyewe. Angeweza kumwachia jaji mwingine. Angeweza kuugua siku ile, kama watu wanavyougua wakati wa hatari. Alikaa kitini, akaamua mwezi wa Septemba kwamba askari wa jeshi hawana mamlaka ya kumkamata raia namna ile, na kwamba mtu huyo aachiliwe.

Zingatia ni nani aliyemtetea. Hakuwa ndugu yake, hakuwa wa chama chake, wala hakuwa Mwafrika. Alikuwa mtu wa taifa lililoitawala Uganda, siku ambazo kumchukia mgeni kulimletea mtu sifa. Yule Jaji aliona mtu tu, aliyefungwa pasipo sheria.

Katikati ya mwezi huo wafuasi wa Obote waliokuwa Tanzania walivuka mpaka kumshambulia Amin, wakashindwa, na hasira ya Amin ikazidi. Tarehe 21 Septemba 1972, asubuhi, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala. Wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake, wakamtia katika motokaa, wakaondoka naye. Mahali pale ambapo kila mnyonge alikwenda kuomba ulinzi, mlinzi mwenyewe alichukuliwa. Aliuawa akiwa na miaka 50. Mwili wake haukurudishwa kwa mke na watoto wake, wala hakuna kaburi la kuwekea ua. Bwana Bataringaya, yule aliyehama, naye aliuawa mwaka ule ule. Mkatili hachagui aliyebaki wala aliyehama.

TUNAPATA NINI HAPO?

Yule wa kwanza asemaye siasa ni ya waongo, namjibu: inakuwa ya waongo pale ambapo wasema kweli wamekaa nyumbani. Kiwanuka alikuwa na kazi ya uwakili ya kumshibisha, akaiacha.

Yule wa pili aogopaye kuchafuka, namkumbusha kwamba Mkatoliki huyu alikaa katika siasa na sheria kwa muda wa miaka 14, wala hakufa kwa sababu ya wizi au ugomvi wa vyeo. Alikufa kwa sababu alitimiza kazi yake ya Jumatatu mpaka Ijumaa kwa dhamiri ile ile aliyokwenda nayo Misani Jumapili. Sisi wakulima, makarani, walimu na wauguzi hatutaulizwa kama tulikuwa Waziri Mkuu. Tutaulizwa kama mizani yetu ya kahawa na pamba ilikuwa sawa, na kama tulimpitisha mjane mbele au tulimngojesha mpaka atoe kitu.

Na yule wa tatu, anayegombea ili ale, naomba azitazame hesabu. Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu kwa muda usiotimia miezi miwili. Hakuna anayemkumbuka kwa miezi ile. Anakumbukwa kwa namna alivyotoka, na kwa kesi moja ya mgeni mmoja. Tangu mwaka 2018 majaji wa Uganda wamekuwa wakifanya mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka, na waliomuua hawana wa kuwakumbuka kwa heshima.

Wazee wetu walitufundisha, mwenye nguvu mpishe. Ni shauri jema unapokutana na nyati njiani. Lakini mtu aliyekalishwa katika kiti cha haki akimpisha mwenye nguvu, wanyonge watapita wapi?

Basi wazazi, simulieni habari hizi jioni mkimaliza Rozari. Wapiga kura, siku mgombea atakapokuja kijijini na maneno matamu, msimwulize anasali kanisa gani wala ametoka ukoo gani. Mwulizeni, "Ukishindwa utafanya nini?" Jibu lake litawaonyesha mtu mwenyewe. Nasi sote tuwaombee wabunge, mahakimu na majaji wetu, ili Mwenyezi Mungu awape moyo wa kusema kweli siku ile ambayo kweli ina gharama. Na Benedicto Kiwanuka, Mungu amweke mahali pema, pamoja na wote waliokwenda bila kaburi.